Mnauliza, Tunajibu: Chanjo, kauli ya mama na mkono wa mfadhili

Ukurasa wa mwezi huu tumeuachia barua za chanjo, kwa kuwa zimekuja nyingi na nyingi zimeandikwa na wanawake wa vikundi. Tumezifupisha, na majina hatukuyatoa.

Zahanati imetuomba "tuhamasishe". Ndiyo tufanye nini?

*Kikundi chetu cha VICOBA kina wanachama 28, tupo kando ya ziwa wilayani Sengerema. Tumeombwa tuhamasishe chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, lakini hakuna aliyetufafanulia. Mara iliyopita waliochanjwa walikuwa wasichana wa shuleni tu. Tuanzie wapi? Katibu wa kikundi.*

Dada Katibu, anzeni na orodha. Ngoma na fulana vije baadaye, kama vitakuwepo. Tangu Aprili 2024 Tanzania inatoa dozi moja ya chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani hiyo, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na kazi kubwa hufanyika shuleni kwa sababu huko wasichana wamekwisha kukusanyika. Anayekosa ni yule asiye darasani: binti wa kazi za ndani, anayeanika dagaa mwaloni, aliyeozwa mapema, mwenye ulemavu asiyetolewa nje, aliyehamia kwa shangazi shule zilipofungwa. Daftari la mwalimu halimjui. Nyinyi mnamjua kwa jina na kwa nyumba, na hiyo ndiyo kazi ambayo gari la matangazo haliwezi.

Wiki sita kabla ya chanjo, nendeni wawili au watatu kwa mganga mfawidhi wa zahanati mkaulize mambo manne: chanjo itatolewa tarehe gani, dozi ngapi zimeombwa, idadi hiyo imepatikanaje, na nje ya shule kutakuwa na vituo wapi. Swali la tatu ndilo zito. Idadi ikikadiriwa kwa sensa au kwa uandikishaji wa shule, orodha yenu inaweza kuonyesha wasichana wengi zaidi, na mratibu wa chanjo wa wilaya anapaswa kuipata kabla mgao haujatoka kwenye ghala la wilaya. Ikimfikia siku ya chanjo haina kazi tena.

Kuandikisha kufanyike wiki ya tano na ya nne kabla ya siku hiyo, wanachama wawili kila kitongoji, wakifuatana na mwenyekiti wa kitongoji au mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Safu sita zinatosha: jina, mwezi na mwaka wa kuzaliwa, kitongoji, jina la mlezi, simu ya mlezi, na shule anayosoma au "hasomi". Umri usipojulikana, ombeni kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo. Tengenezeni nakala mbili, moja ya zahanati, moja ya katibu. Orodha hiyo isipigwe picha na kutupwa kwenye kundi la WhatsApp: karatasi yenye majina ya wasichana, umri wao na mahali wanapolala ikiangukia mikono mibaya inawarahisishia kazi wanaowinda watoto.

Kisha akina baba. Hapa vikundi vingi hukosea kwa kuitisha mkutano wa "akina mama na chanjo", baba haji, halafu nyumbani anasema hakuambiwa na binti anazuiwa. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa hupumzika. Pangeni mazungumzo nao siku hizo, mchana, hapo hapo mwaloni, muuguzi akiwepo. Msimwendee baba kama mtu wa kutoa kibali peke yake. Mwelezeni kama mzazi anayeshauriana na mwenzake: ugonjwa ni upi, dozi ni moja, siku ni ipi, na ampigie nani akiwa na wasiwasi. Mkutano mkuu wa kijiji huitwa kila baada ya miezi mitatu. Ombeni kwa mtendaji wa kijiji hoja yenu iingie kwenye ajenda, na atakayesimama kuieleza awe mwanamke wa kikundi. Kikundi kinachopewa kazi ya kupika chai ya mkutano huo huo hakijashirikishwa.

Siku yenyewe, sindano ni ml 0.5 kwenye msuli wa bega. Baada ya hapo msichana akae chini dakika 15. Wasichana wa umri huo huweza kuzimia kwa woga wa sindano, na mmoja akianguka mbele ya foleni, wa pili na wa tatu hufuata, na jioni uvumi umeshavuka kata. Kwa hiyo: kivuli, mabenchi, pazia ili anayesubiri asimwone anayechomwa, na kila binti awe ameshakula. Wekeni mwanachama mmoja wa kuangalia saa na mabenchi tu.

Kuna jambo la ubaridi ambalo mna haki ya kuliuliza bila kugusa chochote. Chanjo hii hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikiganda imeharibika. Vipande vinne vya barafu vinavyowekwa kwenye kikasha cha kubebea chanjo havitakiwi kuingizwa vikiwa vimetoka moja kwa moja kwenye friza. Huachwa nje hadi ukivitikisa usikie maji yakicheza ndani. Mwanya wa kosa uko asubuhi, watu wana haraka na pikipiki inanguruma. Alama ya joto iliyobandikwa kwenye chupa (mraba wa ndani ukifikia weusi wa duara, chupa hutupwa) inaonyesha joto peke yake. Haiwezi kukwambia kama chanjo iliganda.

La mwisho ni posho. Wanaopita nyumba kwa nyumba kwenye jua ni wanawake, na mara nyingi karatasi ya malipo ina dereva, msimamizi na mchanjaji tu. Ulizeni wiki ile ya sita, kabla bajeti haijafungwa, kama waandikishaji wamo. Na mfuko wenu wa jamii usigeuke kuwa mfuko wa halmashauri: mkitaka kumlipia nauli binti mwenye ulemavu ni uamuzi wenu mwema, lakini mafuta ya pikipiki ya kupeleka chanjo ni jukumu la serikali.

Mbona wasichana tu? Hawazuiwi kuzaa?

*Nina mabinti wawili hapa Kilifi. Nakumbuka maneno ya mwaka 2014 kuhusu pepopunda. Nikisikia tena chanjo ya wanawake peke yao, moyo unasita. Baba wa wawili.*

Mzee wetu, swali lako halistahili kukemewa, na ni afadhali liulizwe kabla ya siku ya chanjo kuliko kunong'onwa baadaye.

Kampeni ya 2014 nchini Kenya iliwalenga wanawake wa miaka 14 hadi 49 kwa sababu kinga ya pepopunda hupita kwenye kondo la nyuma kwenda kwa mtoto. Mtoto anayekatwa kitovu kwa wembe mchafu hana kinga nyingine zaidi ya ile ya mama yake. Maaskofu wa Kanisa Katoliki walidai kwamba chanjo ilichanganywa na homoni ya ujauzito, hCG. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikana, na tatizo la vipimo vilivyotolewa kama ushahidi lilikuwa hili: mbinu zilizotumika zimetengenezwa kupima sampuli za binadamu kama damu na mkojo, wala hazifai kupima dawa iliyo ndani ya chupa. Lakini somo la upande wa pili lipo pia. Ukichagua wanawake wa umri wa kuzaa, usieleze kwa nini ni wao, na waume zao usiwaambie neno, pengo hilo litajazwa na mtu mwingine.

Chanjo ya HPV huanza kwa wasichana kwa sababu virusi hivyo ndivyo chanzo cha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, aina ya 16 na ya 18 zikisababisha takriban 70% yake, na kinga hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa kabla binti hajakutana na virusi. Haigusi mayai wala kizazi. Wavulana nao hubeba virusi hivi. Australia imewachanja tangu 2013 na Uingereza tangu 2019. Kwetu hawakuanza nao kwa sababu dozi hazikutosha: Kenya ilipoanza 2019 na wasichana wa miaka 10, dunia nzima ilikuwa na uhaba. Wasichana wengi wakichanjwa, virusi hukosa njia na wavulana hunufaika. Ila kumweka msichana peke yake kwenye foleni kumetufanya tuiite "chanjo ya wasichana", na matokeo yake mtoto wa kiume anakua akidhani haimhusu. Baba akiwapeleka mabinti zake, mvulana wa nyumba hiyo naye awepo asikie.

Akina mama wanarudishwa, halafu naulizwa mimi

*Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii kaunti ya Busia. Nawashawishi mama waje na watoto kwa chanjo ya surua, wanafika wanaambiwa "njoo Alhamisi, watoto hamjatimia". Wengine hawarudi. Kosa liko wapi?*

Liko kwenye chupa yenye dozi nyingi na kwenye woga wa kumwaga. Chupa ya surua na rubela huwa na dozi 10, ya BCG (kifua kikuu) dozi 20. Zote ni unga, na zikishachanganywa na maji yake lazima zitupwe baada ya saa 6 au kipindi kikiisha, lolote litakalotangulia. Muuguzi akiona watoto wawili anaogopa kumwaga dozi nane na kuulizwa mwisho wa mwezi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uko wazi kwamba chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, na hesabu ya kuagiza huwa imeshaweka nafasi ya dozi zitakazopotea. Kituo kikishindwa kufungua, ama kimeagiza kidogo kuliko inavyotakiwa, ama msimamizi anawaadhibu wauguzi kwa upotevu ambao umeruhusiwa.

Gharama haipotei, inahamishwa tu. Dozi nane zimeokolewa kwenye daftari la kituo, na mama amelipa kwa nauli ya bodaboda, siku ya shamba na maneno ya mume anayeuliza ulikuwa wapi. Hapa ndipo suala la usawa wa kijinsia lilipo kwenye chanjo za watoto. Kwa jumla wavulana na wasichana huchanjwa kwa viwango vinavyokaribiana sana. Tofauti kubwa inatokana na mama: kama ana nauli yake, kama anaweza kuondoka bila kuomba, na kama saa za kliniki zinalingana na siku yake.

Fanya hivi. Kwa mwezi mmoja andika kila mama aliyerudishwa: tarehe, chanjo, kijiji, nauli aliyotumia. Usiandike jina la muuguzi. Peleka kwenye kamati ya kituo, na uombe vitu viwili vinavyotekelezeka: siku mbili za wiki zilizobandikwa mlangoni ambapo surua na BCG hufunguliwa hata akija mmoja, na mojawapo iwe siku ya soko, kwa kuwa akina mama wako mjini tayari. Wewe nawe panga mama wa vijiji jirani waje siku hizo. Hapo muuguzi ataona unampunguzia mzigo.

Na kuhusu posho yako: tangu 2023 imepangwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Ikija nusu, ujue ni upande mmoja uliolipa. Uliza ni upi, kwa barua, mkiwa kikundi.

Mpox: kwa nini tulisubiri, na nani alipaswa kuwa wa kwanza?

*Sisi wanawake wa Kivu Kusini tulisikia ugonjwa ulianzia Kamituga kwa wanawake wa baa. Walitukanwa sana. Chanjo ilipokuja, wengi wao hawakuiona. Msomaji, Bukavu.*

Mama, aina mpya ya virusi vya mpox ilianza kuonekana Kamituga, mji wa dhahabu, mwaka 2023, na miongoni mwa wagonjwa wa mwanzo walikuwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono. Africa CDC, taasisi ya Umoja wa Afrika ya kudhibiti magonjwa, ilitangaza dharura tarehe 13 Agosti 2024, Shirika la Afya Duniani siku iliyofuata. Dozi za kwanza, zipatazo 99,000, msaada wa Umoja wa Ulaya, zilifika Kinshasa 5 Septemba, na uchanjaji ukaanza Goma 5 Oktoba. Nigeria ilikuwa imepokea dozi 10,000 kutoka Marekani tangu Agosti, ingawa wagonjwa wengi walikuwa Congo.

Sababu ya kuchelewa ilikuwa kwenye karatasi zaidi ya ndege. Chanjo ya MVA-BN ilikuwa ikitumika Ulaya na Marekani tangu 2022, lakini Shirika la Afya Duniani liliiidhinisha kwa ununuzi wa mashirika tarehe 13 Septemba 2024 tu, na bila idhini hiyo Gavi (shirika la kimataifa linalofadhili chanjo) na UNICEF hawakuweza kuinunua kwa kawaida yao. Msaada wa nchi kwa nchi nao hufuata urafiki wa serikali na idadi ya maboksi yaliyobaki kwa mtoaji. Chanjo ya Japani, LC16, iliyoahidiwa dozi milioni 3, ingewafaa watoto, ila hutolewa kwa sindano maalumu ya ncha mbili inayohitaji mafunzo, na haifai kwa wajawazito wala wenye kinga dhaifu.

Kwa chama cha wanawake kinachotaka kuwafikia waliobaki: MVA-BN ni dozi mbili, zikiachana siku 28. Anayefanya kazi usiku hulala hadi adhuhuri, basi kituo kifunguliwe saa nane mchana hadi kumi na moja jioni. Kwenye daftari iandikwe "aliye katika hatari", kazi yake isiandikwe kabisa. Kila mwanamke apige picha kadi yake siku hiyo hiyo, kwa sababu tangu Goma na Bukavu zilipotwaliwa na waasi wa M23 mwanzoni mwa 2025 watu wamehama sana, na dozi ya pili huenda ikatafutwa mji mwingine. Na mchague wanawake wenyewe wa kuita wenzao. Akiitwa na yule aliyemtukana jana, haji.

Mfadhili akiondoka, chanjo inaisha?

*Nasoma chuo Dodoma. Tunasikia Marekani imejitoa Gavi. Sisi wa vikundi vya vijana na wanawake tunaweza kufanya nini zaidi ya kulalamika?*

Tarehe 25 Juni 2025, kwenye mkutano wa Brussels wa kuichangia Gavi, Marekani ilisema haitatoa fedha tena. Gavi iliomba dola bilioni 11.9 kwa miaka 2026 hadi 2030, ikaahidiwa zaidi ya bilioni 9. Pengo hilo halitafunga zahanati kesho, lakini huanza kung'ata kwenye chanjo mpya na kwenye kampeni.

Elewa kwanza nani analipa nini. Nchi zenye kipato cha chini kabisa huchangia senti 20 za dola kwa dozi kwa chanjo za Gavi, na kipato kikipanda mchango nao hupanda hadi nchi ijilipie yote. BCG haimo kwenye fungu hilo. Serikali huinunua yenyewe, kwa kawaida kupitia UNICEF. Ndiyo maana katikati ya 2025 Kenya ilipungukiwa na BCG na chanjo ya polio ya matone. Watu walimtazama mfadhili, ilhali kilichopaswa kutazamwa ni malipo ya Hazina.

Uviko-19 uliwafunza viongozi wa Afrika gharama ya kutegemea mlango mmoja. Kenya ilipokea dozi 1,020,000 za COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo za Uviko, tarehe 3 Machi 2021, na mwezi huo huo India ikabana usafirishaji wa chanjo za kiwanda chake cha Serum Institute kwa kuwa yenyewe ilielemewa na wagonjwa. Malawi ilichoma dozi 19,610 mwezi Mei kwa sababu zilikwisha muda. Tanzania, iliyokuwa imezikataa chanjo hizo, ilipokea 1,058,400 kutoka Marekani Julai, na tarehe 28 Rais Samia akachanjwa hadharani. Mwishoni mwa mwaka huo Africa CDC na wenzake walisema wazi kwamba dozi za msaada zifike zikiwa na angalau wiki 10 za uhai. Dai hilo lilikuwa dogo na la kiutendaji, na lilisaidia kuliko hotuba nyingi. Umoja wa Afrika umejiwekea lengo la kutengeneza barani 60% ya chanjo zinazotumika ifikapo 2040.

Tuna pia mchango ambao hautajwi inavyostahili. Dozi moja ya HPV ilikubalika kwa sehemu kubwa kutokana na utafiti wa hapa: KEN-SHE wa Kenya, wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, ulionyesha kinga ya 97.5% kwa miezi 18, na DoRIS wa Mwanza ulifuatilia wasichana 930. Mwaka 2013 Gavi iliipata kwa dola 4.50 kila dozi, na msichana alihitaji zaidi ya moja. Wasichana na wanawake wa kwetu ndio waliosaidia kupunguza bili ya dunia.

Sasa kazi yenu. Bajeti ya Wizara ya Afya ya Tanzania ni Fungu 52, husomwa bungeni kati ya Aprili na Juni, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Tafuteni mstari wa chanjo, linganisheni kilichoidhinishwa na kilichotolewa mwaka uliopita. Tofauti hiyo, kwa tarakimu, mpelekeeni mbunge wenu na mbunge wa viti maalumu kabla ya Aprili. Ngazi ya halmashauri, pelekeni mafuta ya usambazaji, matengenezo ya majokofu na posho za waandikishaji kwa diwani wakati vijiji vinapoibua vipaumbele, kwani mpango wa afya wa halmashauri ukishafungwa, mnasubiri mwaka mzima. Wenzenu wa Kenya wana tarehe mbili za kushika: mkakati wa fedha wa kaunti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia 28 Februari, makadirio 30 Aprili. Kaunti hazinunui chanjo, ila jokofu, mafuta na muuguzi ni vyao.

Msiende na ombi la "kuongeza bajeti ya wanawake". Nendeni na kitu chenye bei: jokofu la zahanati fulani, lita kadhaa za mafuta kwa mwezi, siku mbili za kliniki zenye muuguzi wa pili.

Binti anayetumia ARV

*Mwanangu ana miaka 12 na anatumia dawa. Shuleni wanatoa dozi moja. Inamtosha? Mama, Iringa.*

Haimtoshi, mama. Kwa anayeishi na VVU Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dozi mbili, zikiachana miezi 6, na tatu inapowezekana. Mwache achanjwe shuleni pamoja na wenzake, kisha zungumza na muuguzi wa CTC, kliniki anakochukulia dawa, ili zinazofuata azipate huko siku ya kuchukua dawa. Akiitwa shuleni mara ya pili peke yake, darasa zima litaanza kuuliza. Nenda na kadi ya dozi ya kwanza.